Nyimbo zimegoma kuhama: utatuzi wa matatizo ya muziki kati ya simu na kompyuta

Shangazi yangu alinipigia usiku, sauti imejaa wasiwasi. Nikamwamkia, "Shikamoo shangazi," akaitikia marahaba harakaharaka, kisha akauliza: "Baba, nyimbo zangu zimekwenda wapi?"

Zilikuwa rekodi za taarab na maulidi tulizozitoa kwenye kaseti zake, upande mmoja baada ya mwingine, Jumapili kadhaa mfululizo. Tuliziweka kwenye kompyuta ya nyumbani, kisha kwenye iPhone aliyoletewa na mwanawe kutoka Muscat. Jioni hiyo mjukuu wake alikuwa ameichomeka simu hiyo kwenye laptopi yake ili amwongezee bibi nyimbo mbili tatu mpya. Kompyuta ikauliza swali kwa Kiingereza, mjukuu akakubali bila kusoma, na baada ya dakika chache simu ikabaki na nyimbo za mjukuu tu.

Kilichotokea, na namna tulivyozirudisha, nitakieleza nikifika kwenye iPhone. Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kuna maneno mawili ambayo watu huyachanganya, na kuyachanganya kumewapotezea wengi vitu ambavyo haviuzwi dukani. Kunakili ni kuongeza: faili lililopo hapa linakuwepo na kule. Kusawazisha ni kuzifanya pande mbili zifanane, na njia mojawapo ya kufanana ni kufuta. Kama una rekodi ambazo hakuna mwingine anazo, iwe harusi, kwaya ya kijijini au sauti ya mzee aliyekwishafariki, usibonyeze kitufe chochote cha kusawazisha kabla hujawa na nakala ya pili nje ya simu. Hata flashi inatosha.

Kwanza jua wimbo umefika wapi

Wimbo kutoka kwenye kompyuta hadi usikike simuni hupita vituo vitano: waya au Wi-Fi, kisha ruhusa ya simu, kisha kunakiliwa kwenyewe, kisha daftari ambamo simu huorodhesha muziki ilionao, na mwisho programu inayoucheza. Kwa kawaida kosa huwa kwenye kituo kimoja tu, na siku nzima hupotea kwa kurekebisha vingine.

Kwenye Android kipimo ni rahisi. Fungua programu ya mafaili, si ya muziki, utafute jina la wimbo. Faili likiwepo na ukubwa wake ukiwa wa kueleweka, basi waya ni mzima na kompyuta ni nzima. Shida iko kwenye vituo viwili vya mwisho. Lisipokuwepo, achana kabisa na programu ya muziki. Nimeona mtu akifuta na kupakua upya programu nne za kucheza nyimbo, akamaliza bando, ilhali wimbo wenyewe haukuwahi kutoka kwenye kompyuta.

Ukubwa wa kueleweka ni upi? MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu MB 1 kwa kila dakika, na ya kilobiti 320 hula MB 2.4. Wimbo wa dakika nne basi utakuwa kati ya MB 4 na MB 10. Ukiona faili la KB 0, hilo ni jina tu, ndani hamna kitu.

"Simu inachaji, lakini kompyuta haioni kitu"

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa wingi, na mara nyingi mwenye kosa ni waya. Waya wa kawaida wa USB una nyaya nne ndani yake: mbili za umeme na mbili za kupitisha data. Waya nyingi zinazokuja na tochi, spika ndogo au pawabenki zina zile mbili za umeme tu. Zinachaji vizuri kabisa, na ndiyo maana mtu hazishuku. Usiupime waya kwa kuutazama. Chukua waya ambao umeshawahi kuuona ukihamisha picha au nyimbo kwa macho yako, uujaribu. Ukiupata unaofanya kazi, ufunge utepe wa rangi na usimwazime mtu.

Waya ukiwa mzima, angalia tundu la simu. Simu inayokaa mfukoni hukusanya vumbi na nyuzi za nguo, zikashindiliwa chini kabisa ya tundu. Umeme unapita, pini za data hazigusani. Zima simu, chukua kijiti cha mbao cha kuchokolea meno, utoe uchafu taratibu huku ukimulika kwa tochi. Usitumie sindano wala pini ya chuma. Kwenye kompyuta ya mezani, hamia matundu ya nyuma, kwa sababu yale ya mbele huunganishwa kwa waya mwembamba wa ndani ambao mara nyingi umelegea.

Kituo cha pili ni ruhusa. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, simu ikichomekwa huchagua kuchaji tu mpaka wewe useme vinginevyo. Fungua kioo kwa nywila au alama ya kidole, vuta arifa chini, gusa ile inayohusu USB, kisha uchague kuhamisha mafaili. Simu iliyowekwa Kiingereza itaandika "File transfer". Kama kila siku unalazimika kurudia hatua hizi, ingia kwenye mipangilio ya wasanidi programu, ambayo hufunguka ukigonga namba ya muundo ("Build number") mara saba, na humo uweke kuhamisha mafaili kuwa chaguo la kudumu la USB. Arifa ya USB isipotokea kabisa, rudi kwenye waya na tundu. Simu haijui kama imeunganishwa na kompyuta. Inadhani iko kwenye chaja.

Sasa kuna chanzo kimoja ambacho mafundi wengi hawakijui, na kwetu kinatuhusu kwa sababu laptopi nyingi tunazonunua ni za mtumba kutoka Ulaya. Mwaka 2004 Kamisheni ya Ulaya iliiamuru Microsoft itoe Windows isiyokuwa na programu yake ya kucheza muziki. Kutokana na hapo yakawepo matoleo yenye herufi N mwishoni, kama Windows 10 Pro N. Matoleo hayo hayakuondolewa kicheza muziki peke yake. Yaliondolewa pia vipande vinavyoiwezesha kompyuta kuzungumza na simu kwa MTP, ambayo ndiyo lugha Android inayoitumia kupitisha mafaili kwenye waya. Matokeo yake unabadilisha waya tatu, simu mbili, unamlipa fundi, na bado kompyuta inakaa kimya. Fungua mipangilio, sehemu ya mfumo, uangalie jina la toleo. Ukiona N, nenda kwenye vipengele vya ziada, tafuta "Media Feature Pack", isakinishe, uzime na kuwasha kompyuta. Niliwahi kukaa na laptopi ya namna hiyo siku mbili kabla ya kuisoma ile herufi, na sasa ndiyo ninayoitazama kwanza nikiletewa laptopi iliyotoka Ulaya.

Toleo likiwa la kawaida na bado hakuna kitu, fungua "Device Manager", orodha ya vifaa ya Windows, simu ikiwa imechomekwa. Alama ya mshangao ya njano pembeni ya jina la simu maana yake draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa, imevurugika. Ibonyeze kwa kitufe cha kulia, uiondoe, uchomoe simu, uwashe kompyuta upya, uchomeke tena. Windows itaisakinisha upya yenyewe.

Kwa wenye Mac: mfumo wa Apple hauelewi MTP kabisa, kwa hiyo simu ya Android haitatokea hata waya ukiwa mpya. Unahitaji programu ya kati. Ile ya Google iliyokuwa ikifanya kazi hiyo iliachwa. OpenMTP ni ya bure na inatosha.

"Inaanza kunakili, halafu inakwama"

MTP hufanya jambo moja kwa wakati mmoja. Ukituma nyimbo 3,000 kwa mkupuo, na papo hapo ukafungua folda nyingine kuangalia picha, foleni inasimama. Tuma kwa mafungu, nyimbo mia mbili hivi, uache simu itulie mpaka zimalizike. Ni afadhali zaidi kuitoa memori kadi na kuichomeka kwenye kompyuta kwa kisomeo chake, kama simu yako ina kadi. Hapo unaiepuka MTP yote na kasi unaiona mwenyewe. Kama kompyuta itasema kadi imefungwa haiandikiki, angalia kitufe kidogo pembeni ya ile adapta. Kikiwa kimeteremka, kadi inasomeka tu.

Ikiwa nyimbo zote zinapita isipokuwa chache, na ni zilezile kila mara, soma majina yake. Memori kadi hutumia mpangilio wa FAT32 au exFAT, ambao haukubali alama ya kuuliza, nuktapacha, nyota, alama za usemi, mkwaju wala mabano yenye ncha kwenye jina la faili. Kompyuta ya Mac na ya Linux huzikubali nyingi kati ya hizo. Mtu anabatiza rekodi jina lenye kiulizo mwishoni, na taarab ina majina mengi ya kuuliza, kisha anashangaa wimbo huo mmoja hautaki kwenda. Futa kiulizo, utapita. Alama hiyo unaweza kuiacha kwenye jina linaloonekana wakati wa kucheza, maana hilo huandikwa ndani ya faili na halina masharti hayo.

Nafasi nayo huwachanganya watu. Kadi iliyoandikwa GB 32 itaonyesha takriban GB 29.8 kwenye kompyuta, na hapo hujaibiwa: mtengenezaji anahesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa 1,024. Kuibiwa ni pale kadi ya GB 64 inapokuwa na GB 8 tu ndani, ila imefundishwa kudanganya. Dalili yake ni hii: nyimbo za mwanzo zinacheza vizuri, za baadaye zinakatika katikati, zinalia kama redio isiyoshika mawimbi, au majina yake yanageuka kuwa vibambo visivyosomeka. Ipime kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Mac na Linux. Programu hizi huijaza kadi yote kisha huisoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichopo. Inachukua saa kadhaa na inahitaji kadi iwe tupu. Ikifeli, haina dawa. Kuifomati hakuiongezei uwezo usiokuwepo, na ninakusihi usitunze humo kitu chochote unachokipenda.

"Kompyuta inasema zimeingia, simu inasema hakuna nyimbo"

Hapa ndipo penye mambo, na hapa ndipo watu wengi hukata tamaa.

Programu ya muziki kwenye Android haipekui folda zote kila unapoifungua. Inasoma daftari ambalo mfumo umeliandaa, lenye orodha ya kila faili la sauti lililopatikana. Wimbo ukiingia na daftari halijaandikwa upya, wimbo upo lakini haujulikani. Subiri dakika chache, kisha zima simu na kuiwasha; mara nyingi daftari huandikwa upya. Programu nyingine zina kitufe chao cha kuskani ndani ya mipangilio.

Kama hata baada ya kuwasha upya hazionekani, uliza ziko folda gani. Mfumo una kanuni: folda yenye faili linaloitwa .nomedia hurukwa, pamoja na folda zote zilizo ndani yake. Faili hilo halina kitu, na kwa kuwa jina lake linaanza na nukta, halionekani mpaka uwashe kuonyesha mafaili yaliyofichwa. WhatsApp huliweka kwenye folda za vitu ulivyotuma ili visionekane kwenye simu mara mbili. Mtu akiburuta nyimbo zake kutoka kwenye kompyuta na kuziachia humo, amezificha bila kujua. Vilevile usiweke nyimbo ndani ya folda ya Android/data. Tangu Android 11, kila programu ina chumba chake humo na jirani haruhusiwi kuchungulia. Weka muziki kwenye folda ya Music, basi.

Folda ikiwa sawa, angalia ruhusa ya programu yenyewe. Android 13 ilitenganisha ruhusa ya muziki na sauti na ruhusa ya picha na video. Ukiikatalia programu ruhusa hiyo siku ya kwanza, huenda isikuonye tena. Itakuonyesha ukurasa mtupu kana kwamba huna kitu. Programu kadhaa pia huficha sauti fupi, chini ya sekunde 30 au 60, zikidhani ni milio ya simu. Mwenye kuhifadhi dua fupi au milio ya ngoma huathirika sana na hili, na swichi yake huwa imejificha ndani ya mipangilio ya programu.

Kisha ni aina ya faili. Kwa miaka mingi kicheza muziki cha Windows kilikuwa kikitoa nyimbo kwenye CD kwa mtindo wa WMA, ambao ni wa Microsoft, bila kuuliza, kwa hiyo makabati ya watu yamejaa WMA. Android yenyewe haiichezi WMA, ingawa kampuni fulani za simu huongeza uwezo huo. Programu ya VLC itaucheza wimbo. Au zigeuze nyimbo ziwe MP3, ukizitunza zile za asili kwanza, kwa kuwa kila ugeuzaji wa namna hii hupunguza kitu kwenye sauti. FLAC, aina ya faili isiyopunguza sauti, haina shida kwenye Android. Kwa Apple, programu ya muziki haiipokei; igeuze iwe ALAC, ambayo ni ya Apple na nayo haipunguzi chochote.

Na nyimbo ulizopakua ndani ya Spotify, Apple Music au Boomplay hazihami. Umelipia haki ya kusikiliza ukiwa ndani ya programu, si faili la kubeba. Usipoteze jioni ukitafuta folda yake. Kinyume chake kinawezekana: Spotify hukubali mafaili yako mwenyewe ya kwenye kompyuta yaingie simuni, ila masharti ni uwe mteja wa kulipia, vifaa viwili viwe kwenye Wi-Fi moja, nyimbo ziwekwe kwenye orodha, kisha orodha hiyo upakue ukiwa kwenye simu. Sharti moja likikosekana, nyimbo hubaki na rangi ya kijivu.

"Zipo, lakini majina na albamu zimevurugika"

Hapo hakuna kilichoharibika ila lebo. Ndani ya MP3 kuna lebo iitwayo ID3. Ile ya zamani ilikaa kwenye baiti 128 za mwisho wa faili, ikiwa na nafasi ya herufi 30 tu kwa jina la wimbo, 30 kwa msanii na 30 kwa albamu. Majina ya vikundi vyetu vya taarab na ya bendi za dansi ni marefu. Yakikatwa kwenye herufi ya 30, kikundi kimoja kinageuka viwili. Lebo mpya haina kikomo hicho. Fungua nyimbo kwenye kompyuta kwa programu ya Mp3tag, futa lebo ya zamani, ubakishe ID3v2.3, ambayo simu za zamani na redio za gari huielewa vizuri.

Kuna na ugonjwa wa kwetu hasa. Nyimbo zilizoingizwa kwenye kibanda cha kuuzia nyimbo au zilizopakuliwa kwenye tovuti za bure mara nyingi zimeandikwa jina la tovuti mahali pa albamu. Ukizipeleka simuni, wasanii themanini wasiohusiana wanalundikana kwenye albamu moja yenye jina la tangazo. Zichague zote kwenye Mp3tag, ufute uwanja wa albamu, uandike upya zile unazozijua. Ni kazi ya mchana mzima, nami naona inafaa, kwa sababu msanii aliyefanya kazi anastahili jina lake lisomeke.

Albamu moja ikigawanyika vipande vingi, sababu ni wasanii wanaoshirikishwa: kila jina jipya simu huliona kama albamu nyingine. Jaza uwanja wa msanii wa albamu, jina moja kwa nyimbo zote. Kwa rekodi za kaseti, upande A uandike kuwa diski 1 na upande B diski 2, ili mpangilio usifuate alfabeti.

Orodha za nyimbo zinazofika tupu ni kisa kingine kifupi. Faili la M3U ni karatasi ya anwani tu. Kama limeandika kwamba wimbo uko C:\Users na kuendelea, simu haina C. Lihifadhi kwa anwani za karibu, yaani jina la faili peke yake, ukiliweka folda moja na nyimbo zenyewe.

"Folda zote zimegeuka vishale"

Umerudi kutoka steshenari au kibandani, umechomeka kadi, na kila folda imekuwa njia ya mkato yenye kishale. Ni kirusi. Nyimbo zako zipo, zimefichwa tu. Usibofye kishale hata kimoja. Iskani kadi kwa kinga ya Windows, kisha tazama kadi imepewa herufi gani. Ikiwa ni E, fungua Command Prompt, dirisha la Windows la kuandikia amri, na uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda za kweli zitajitokeza. Zinakili mahali salama, uifomati kadi. Ukiirudisha kadi kwenye kompyuta ileile iliyoiambukiza, utaanza upya.

Bila waya

Kusawazisha kwa Wi-Fi kunahitaji simu na kompyuta vionane, na kuwa kwenye Wi-Fi moja hakumaanishi vinaonana. Hotelini, hosteli na ofisini, mtandao mara nyingi umewekwa kuzuia vifaa visizungumziane. Nyumbani, huenda simu iko kwenye mtandao wa wageni na kompyuta kwenye ule mkuu. Kwenye Windows, mtandao ukiwa umewekwa kuwa wa umma, kompyuta hujificha. Ubadilishe uwe wa binafsi, nyumbani kwako tu.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni hotspoti. Washa hotspoti ya simu, unganisha laptopi, utume nyimbo kwa programu ya Quick Share au LocalSend. Mafaili yanayopita kati ya simu na laptopi hayatoki nje, kwa hiyo hayali bando. Ila Windows ikiona intaneti inaweza kuanza kupakua masasisho yake kimyakimya. Weka muunganisho huo kuwa wa kipimo ("metered") kwanza, au zima data ya simu uache hotspoti peke yake. Bluetooth ni ya wimbo mmoja au miwili. Kwa kasi yake ya takriban megabiti 2 kwa sekunde, wimbo wa MB 8 unachukua nusu dakika au zaidi, na albamu nzima utaichoka.

iPhone, na nyimbo za shangazi

iPhone hailionyeshi kabati lake la muziki kama folda. Inasawazishwa kutoka kwenye maktaba ya kompyuta moja. Ukiichomeka kwenye kompyuta ya pili na kuiambia isawazishe, inakuuliza kama ifute kilichopo na kuweka cha kompyuta hii. Hilo ndilo swali ambalo mjukuu alilikubali. Kompyuta ilifanya kile ilichoambiwa.

Mambo mengine ya kuangalia kabla ya kulaumu waya: simu huuliza kama uiamini kompyuta, nawe ukikataa kwa bahati mbaya haitaonekana ipasavyo. Nenda mipangilio ya jumla, sehemu ya kuhamisha au kuweka upya, urudishe mipangilio ya mahali na faragha, na swali litaulizwa tena. Kwenye Mac, tangu Catalina ya mwaka 2019, iTunes haipo. Simu inatokea ndani ya Finder, programu ya mafaili ya Mac. Kwenye Windows, ukishasakinisha Apple Music na Apple Devices, iTunes hubaki na podikasti na vitabu vya sauti tu, ndiyo maana wengi huifungua na kudhani nyimbo zao zimefutwa. Na kama umewasha maktaba ya kusawazisha kwa iCloud kwenye simu, kusawazisha muziki kwa waya hufungwa. Chagua njia moja, huwezi zote mbili.

Jambo la kuumiza zaidi ni kwamba njia hii ina uelekeo mmoja. Programu za Apple zitarudisha kwenye kompyuta vile ulivyonunua kwao, si rekodi zako mwenyewe. Kama rekodi za kaseti zingekuwa simuni tu, nisingekuwa na la kumwambia shangazi usiku ule.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwake. Kwanza tulizima kusawazisha kwa kujiendesha kwenye kompyuta zote mbili, ya nyumbani na ya mjukuu. Kwenye ya nyumbani tukaweka alama kwenye chaguo la kusimamia muziki kwa mkono, linaloandikwa "Manually manage", ili nyimbo ziburutwe na zisifutwe isipokuwa tumezifuta wenyewe. Tukanakili folda yote ya kaseti kwenye flashi mbili, moja ikakaa kabatini kwake, nyingine nikaondoka nayo. Kisha tukaburuta albamu moja baada ya nyingine, naye akazisikiliza mwanzo wa kila moja, mjukuu akiwa pembeni anaandika majina ya waimbaji kadiri bibi anavyoyataja.

Zilirudi zote isipokuwa upande B wa kaseti moja ya maulidi. Tulipotafuta kwenye kompyuta tukakuta faili la KB 0: hatukuwahi kuirekodi tangu mwanzo, jina tu ndilo lililokuwepo. Kaseti yenyewe bado iko kwenye boksi la viatu chini ya kitanda, na kicheza kaseti kinasubiri mkanda mpya wa mpira.